Hedifoni za mgongo wazi: Usizinunue kwa ajili ya matatu

Ngoja nikuulize. Mara ya mwisho uliponunua hedifoni au iafoni, muuzaji alikusifia nini? Acha nikisie: "Besi iko, na ukivaa hizi husikii mtu." Hapa Nairobi sauti huuzwa hivyo. Tunaishi na honi, jenereta, wahubiri wa kona, spika za maduka ya nguo na makanga wanaoita abiria kana kwamba sote ni viziwi. Ukipata kitu cha kukujengea ukuta masikioni, unalipa bila kubishana sana.

Leo nataka tuongee kuhusu hedifoni zilizotengenezwa kwa wazo la kinyume. Upande wa nje wa hedifoni hizi umeachwa wazi, makusudi. Ukizivaa unasikia muziki wako, na bado unamsikia mama mboga akikuuliza kama unataka sukuma ya ishirini au ya thelathini. Mimi naziita hedifoni za mgongo wazi. Kwa wiki mbili sasa nimekuwa na moja ya zile zinazojulikana zaidi duniani katika daraja la bei nafuu, Koss Porta Pro, na nina mengi ya kukuambia kabla hujatoa doo.

Kwanza ujue anayekuongelesha ni nani. Sina digrii ya uhandisi wa sauti. Kusema kweli sina digrii yoyote. Karo iligonga mwamba nikiwa mwaka wa pili, nikaondoka chuoni, nikaingilia kazi za mtandaoni. Siku hizi naandika blogu, na kodi ya keja huilipa zaidi kwa kunakili mahojiano. Mtu anatuma rekodi ya saa moja, mimi nasikiliza na kuandika kila neno. Hiyo ni saa sita hadi nane za kusikiliza kila siku. Masikio yangu ni jembe langu. Yakiharibika sina cheti cha kwenda kutafutia kazi nyingine.

Kwa hivyo ninapokwambia kitu kuhusu hedifoni, nakwambia kama fundi anayeongea kuhusu nyundo yake.

Mgongo wazi maana yake nini?

Ndani ya kila hedifoni kuna kispika kidogo chenye kiwambo chembamba, mfano wa ngozi ya ngoma. Umeme wa muziki ukipita, kiwambo hutikisika. Kikienda mbele kinasukuma hewa kuelekea sikio lako. Kikirudi nyuma kinasukuma hewa kuelekea upande wa nje. Hapo ndipo mtengenezaji hulazimika kuamua: hii hewa ya nyuma iende wapi?

Kwenye hedifoni nyingi unazoziona mtaani, zile zilizofungwa, hewa hiyo hugonga ukuta wa plastiki na kubaki ndani ya kikombe. Faida yake ni kwamba kelele za nje hupungua na besi hupata nguvu. Hasara ni kwamba kikombe kikiwa cha bei ya chini, sauti hugongana humo ndani na unaanza kumsikia mwimbaji kama mtu aliyeingiza kichwa kwenye ndoo. Isitoshe, sikio linatoa jasho.

Kwenye hedifoni za mgongo wazi, nyuma ya kiwambo kuna matundu. Hewa inatoka na kwenda zake. Sauti haizunguki ndani ya kikombe, kwa hivyo muziki unasikika kana kwamba unapigwa mahali fulani chumbani, si katikati ya ubongo wako. Ila mlango ukiwa wazi, wa nje huingia na wa ndani hutoka. Kelele za nje zitaingia, na aliyekaa karibu nawe atasikia unachosikiliza. Mambo hayo mawili huwezi kuyatenganisha, hata ulipe pesa ngapi.

Hii si teknolojia ya jana

Ukizivaa mbele ya mjomba wako atacheka. "Hizo si za Walkman?" Mwache acheke, hajakosea sana.

Kampuni ya Ujerumani, Sennheiser, ilitoa HD 414 mwaka wa 1968, hedifoni ya kwanza ya mgongo wazi kuuzwa kwa umma, yenye sponji za rangi ya njano. Watu walikuwa wamezoea hedifoni nzito zilizofunga sikio kama kofia ya rubani. Hii ilikuwa nyepesi, na iliuzwa kwa mamilioni.

Halafu Julai 1979 Sony ikatoa Walkman ya kwanza kule Japani. Ilikuja na hedifoni ndogo zenye sponji za rangi ya chungwa, nazo zilikuwa wazi. Walkman ile ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, ili watu wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha rangi ya chungwa ambacho ukikibonyeza muziki unashuka ili umsikie mwenzako anapoongea. Yaani watu wa kwanza kutembea barabarani na muziki wao hawakuwa wamejifungia. Walikuwa wanasikia mji. Mtindo huu wa kujifungia kabisa ulikuja kushika baadaye.

Koss ni kampuni ya Milwaukee, Marekani. Mwanzilishi wake, John C. Koss, ndiye aliyeleta hedifoni za stereo sokoni mwaka wa 1958. Porta Pro ilitoka mwaka wa 1984, na umbo lake halijabadilika sana tangu wakati huo. Fikiria simu iliyotengenezwa mwaka wa 1984 ikiwa bado inauzwa leo. Hiyo peke yake inakwambia kuna kitu walikipatia.

Siku za kwanza

Ukizitoa kwenye boksi unaweza kudhani umetapeliwa. Ni nyepesi mno, chini ya gramu 100. Plastiki nyingi, chuma chembamba, sponji mbili na waya. Sura yake ni ya filamu za zamani, zile ambazo watu walidhani kufikia sasa tungekuwa tunaenda kazini kwa roketi. Wengine watasema ni mbaya. Mimi naona zina swagga yake, na mwizi wa Tao hatazitolea macho kama zile zenye nembo kubwa inayong'aa.

Zinakunjika hadi zinatoshea kiganjani, na zina kimfuko chake. Juu ya kila sikio kuna pedi ndogo ya sponji inayoegemea fuvu, pamoja na kidude cha kuteleza cha kuchagua zikushike kwa wepesi au kwa nguvu. Ukizilegeza, baada ya dakika kumi unasahau kama umevaa kitu. Nimefanya kazi saa tatu mfululizo bila sikio kuwaka moto. Kwa mtu wa kunakili mahojiano hiyo si starehe ndogo.

Kuna jambo moja la kuwaambia wenye nywele ndefu, rasta na mabutu. Bendi ya Porta Pro ni vipande vya chuma vinavyotelezeana, na watumiaji wengi duniani wamelalamika kwamba vinanasa nywele. Ukiwa na nywele za kunaswa, vaa juu ya kofia au kilemba, au tafuta mtindo mwingine. Mimi nimenyoa, sina la kusema.

Sauti je? Nilianza na nyatiti ya Ayub Ogada. Nyuzi zilikuwa na nafasi, kila moja ikijitenga na mwenzake, na sauti yake ilikaa mbele kidogo ya uso wangu. Nikahamia benga ya Shirati Jazz. Unajua vile magitaa ya benga hukimbizana, moja likiuliza na lingine likijibu? Kwenye iafoni zangu za kila siku huwa yanabanana kama abiria wa saa kumi na mbili jioni. Hapa yalipata hewa. Taarabu nayo ilinifanya nisimame kidogo, kwa sababu niliweza kufuata udi peke yake huku fidla zikiendelea na mambo yao.

Halafu nikaweka gengetone na amapiano, maana najua hapo ndipo wengi wenu mnapotaka kufika. Besi ipo, tena nene, yenye joto, zaidi ya unavyotarajia kutoka kwa kitu chepesi hivi. Lakini ile besi ya chini kabisa, ile inayotikisa kifua ukiwa klabu, haifiki. Amapiano inabaki na utamu wake ila gogo lile la chini linakuwa kama mtu anayebisha mlango kwa heshima. Kama maisha yako yote ya muziki ni besi ya kutikisa kioo, hizi zitakuvunja moyo, na si haki nikudanganye.

Nikazileta kazini. Mahojiano ya watu watatu wanaozungumza kwa pamoja, mmoja yuko mbali na kinasa sauti. Sauti za wanadamu ndizo hedifoni hizi zinazozionyesha vizuri. Nilirudisha nyuma mara chache kuliko kawaida kutafuta nani alisema nini. Kwa mtu anayelipwa kwa dakika ya rekodi, kurudisha nyuma ni pesa inayopotea.

Sasa tuingie matatu

Kichwa cha makala hii umekiona. Acha nikueleze kwa nini.

Nilipanda matatu ya Rongai jioni, zile zenye spika chini ya viti na skrini mbele. Nikavaa Porta Pro, nikaweka podikasti. Sikusikia chochote. Nikapandisha sauti hadi nusu, nikaanza kusikia neno hapa na pale. Ilipofika robo tatu nikawa naelewa sentensi, na hapo hapo jirani yangu akageuka kuniangalia, kwa sababu naye alikuwa anazisikia. Nikazivua, nikazikunja, nikazitia mfukoni, nikasikiliza ngoma ya dereva hadi stejini.

Hii si kasoro ya hedifoni. Hazikutengenezwa kuzuia kelele. Tatizo ni kile mkono wako unachofanya unapokuwa ndani ya kelele: unapandisha sauti. Na hapo ndipo nataka unisikilize vizuri, maana habari hii inahusu hedifoni zozote, za mgongo wazi au zilizofungwa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni moja, wa umri wa miaka 12 hadi 35, wako katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya muziki wa sauti ya juu kwa muda mrefu. Mwongozo wake kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila ukiongeza desibeli 3, nguvu ya sauti inakuwa mara mbili, kwa hivyo muda wako salama unakatwa nusu. Desibeli 83, saa 20. Desibeli 86, saa 10. Desibeli 89, saa 5 tu kwa wiki nzima.

Tufanye hesabu. Tuseme kelele ndani ya matatu yako ni desibeli 85. Ili usikie wimbo wako juu ya kelele hiyo, itabidi uuweke karibu na 89. Unasafiri saa moja asubuhi na saa moja jioni. Jumatatu umetumia saa mbili. Jumanne mbili tena. Jumatano asubuhi unaposhuka Tao, mgao wako wa wiki umeisha, na bado hujaenda gym, hujaenda klabu Ijumaa, hujalala na iafoni masikioni.

Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo mno vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za kwenda ubongoni. Kelele huviua. Vikifa havioti tena. Hakuna dawa ya kuviotesha, hakuna operesheni ya kuvipandikiza.

Rafiki yangu mmoja alianza kupiga ngoma kwenye klabu akiwa na miaka 19. Sasa ana 26. Ukimya kwake haupo tena. Usiku masikio yake hulia "ziiii" bila kupumzika, hivyo yeye hulala feni ikiwa imewashwa, hata Julai, wakati sisi wengine tumejifunika blanketi mbili. Anaiwasha ili apate kelele nyingine ya kufunika ile ya ndani. Siku hizi mkikutana mahali penye watu wengi, anakuangalia mdomo unapoongea. Hakuna aliyemwambia mapema, na hata angeambiwa, nani hujali masikio akiwa na miaka 19?

Ndiyo maana nasema usinunue hedifoni za mgongo wazi kwa ajili ya matatu. Ukitaka kusikiliza kitu humo ndani, afadhali iafoni za kuziba zenye mpira, au zile za kuzima kelele kama mfuko unaruhusu, kwa sababu zinakuwezesha kusikia ukiwa na sauti ya chini. Sharti ni uiache hapo chini. Na kama umechoka na kelele zenyewe, jua tu kwamba Kenya imekuwa na kanuni za kudhibiti kelele chini ya sheria ya mazingira tangu mwaka wa 2009. Utekelezaji ni hadithi ya siku nyingine.

Barabarani

Ukishuka kwenye matatu hadithi inageuka.

Katika takwimu za ajali za barabarani nchini, watembea kwa miguu ndio kundi linaloongoza kwa vifo mwaka baada ya mwaka. Wewe na mimi. Umewahi kutembea Tao huku umeziba masikio? Bodaboda inakuja nyuma yako juu ya njia ya miguu, inapiga honi, wewe uko katikati ya kiitikio unachokipenda. Mkokoteni unateremka, mwenye nao anapiga mluzi upishe. Mluzi huo ndio breki zake. Usiposikia, shauri yako.

Na Porta Pro, muziki ukiwa wa wastani, nilisikia yote hayo. Nilisikia pikipiki kabla sijaiona. Nilisikia nyayo nyuma yangu nikikata kichochoro saa mbili usiku, nikageuka, kumbe ni mtoto wa jirani ametumwa dukani. Wakati mwingine huyo wa nyuma huwa si mtoto wa jirani, na hapo ndipo sekunde mbili za kugeuka zinapokufaa.

Usinielewe vibaya. Ukizipandisha sana hata hizi zitameza honi. Na unapovuka barabara, vua, au zima muziki. Nusu dakika ya ukimya haiui mtu.

Kwa keja ndipo nyumbani kwake

Ukiniuliza hedifoni hizi ni za nani hasa, nitakwambia ni za sisi tunaoshinda ndani ya chumba kimoja tukihaso kwa laptopu.

Fikiria siku yako. Uko kazini, lakini kazi iko kitandani au kwenye meza ya plastiki. Jumanne maji ya mgao yanakuja bila ratiba, na anayetangaza ni jirani wa ghorofa ya chini anayepiga kelele mara moja tu, "Maji yamekuja!" Usiposikia, wiki nzima unabeba mitungi. Tokeni ya stima inaanza kulia pi-pi-pi. Keateka anabisha mlango. Kwenye jiko kuna maharagwe, na maharagwe hayana subira.

Nikiwa na hedifoni zilizofungwa nilikuwa navua kila dakika kumi kuhakikisha dunia bado ipo. Na hizi sivui. Nasikia rekodi, nasikia mlango, nasikia sufuria. Dada mmoja wa ploti yetu, anayefanya kazi ya huduma kwa wateja kutoka nyumbani, alizijaribu siku nzima. Mtoto wake ana miezi minane. Aliniambia kwa mara ya kwanza alifanya zamu bila kuacha sikio moja wazi kwa ajili ya mtoto. Kwa simu alitumia maikrofoni ya laptopu, maana Porta Pro za kawaida hazina maikrofoni. Akagundua kitu kingine: kwa sababu alijisikia mwenyewe akiongea, hakuwa anapaza sauti kumwamsha mtoto.

Hapo hapo nikupe onyo la maisha. Sauti inatoka nje. Usisikilize ujumbe wa sauti wa mpenzi wako ukiwa umekaa karibu na watu. Usizivae maktaba. Na kama mnalala chumba kimoja na ndugu yako, atasikia filamu yako ya saa saba usiku, na kesho yake mtagombana.

Bei na namna ya kununua

Kule Marekani Porta Pro ni takriban dola 50. Kwa kiwango cha kama Sh130 kwa dola, hiyo ni Sh6,500, kabla ya nauli na ushuru. Zangu zililetwa na binamu aliyekuwa anarudi nyumbani. Najua wanaouza sauti wataziita za bei rahisi. Rahisi kwa nani? Kwa mwingine hapa hiyo ni kodi ya mwezi ya chumba. Kwa hivyo nakupa ngazi tatu, uchague yako.

Ya kwanza haigharimu kitu. Tafuta kwenye droo zile iafoni za zamani za plastiki tupu, zisizo na mpira, zilizokuja na simu. Hizo haziliziba sikio lako kikamilifu. Si hedifoni za mgongo wazi, ila zitakuonjesha jinsi inavyokuwa kusikia muziki na chumba kwa pamoja. Zitumie wiki moja ukiwa ndani. Ukiona inakukera, umeokoa pesa zako.

Ya pili ni Koss KSC75, ndugu mdogo wa Porta Pro. Hizi hazina bendi. Zina ndoano mbili za kuning'iniza kwenye sikio, kwa hivyo wenye rasta mko salama. Marekani huwa karibu dola 20, yaani kama Sh2,600 kabla ya gharama za kuzileta. Ukivaa miwani zitagombania nafasi nyuma ya sikio, lakini kwa pesa hizo ndizo ningemshauri mwanafunzi aanze nazo.

Ya tatu ndiyo hizi Porta Pro. Zichukue kama unasikiliza kwa saa nyingi na sikio linakulipa.

Mambo machache ya kukagua. Waya wa Porta Pro za kawaida hautoki, na pini yake ni ya tundu la kawaida la iafoni. Simu nyingi za bei nafuu bado zina tundu hilo. Yako ikiwa haina, weka bajeti ya kiunganishi. Huhitaji mashine ya kuongeza nguvu, simu inatosha. Sponji huchakaa, lakini hubadilishwa kwa urahisi, na unaweza kuziosha kwa maji na sabuni kidogo na kuzianika kivulini. Kampuni inajulikana kwao kwa dhamana ya maisha, ila ukiwa Nairobi usizinunue kwa kutegemea hiyo. Chunga waya wako.

Na ukienda Luthuli ukaambiwa hedifoni fulani ni za mgongo wazi, usiamini matundu unayoyaona kwa nje. Siku hizi kuna hedifoni nyingi, hasa za michezo ya video, zenye wavu wa urembo tu na plastiki nzima nyuma yake. Vaa, weka wimbo, kisha funika upande wa nje kwa viganja. Sauti ikibadilika waziwazi, ni wazi kweli. Isipobadilika hata kidogo, unauziwa dirisha lililochorwa ukutani.

Kwa hivyo ununue?

Ukikaa ndani ya matatu saa mbili kwa siku na hapo ndipo unaposikiliza muziki wako wote, hapana. Ukitaka besi ya kukutoa machozi, hapana. Ukifanya kazi mahali penye watu wasiotaka kusikia mambo yako, hapana.

Ukiwa unashinda kejani na laptopu, ukiwa unalea mtoto huku unahaso, ukiwa unatembea sana kwa miguu, au ukiwa umechoka na masikio yanayotoa jasho, ndiyo. Anza na zile za droo leo usiku.

Na hata usiponunua chochote, fanya jambo moja. Usiku wa leo, kabla ya kulala, zima kila kitu chumbani na usikilize kwa dakika moja. Ukisikia mbwa wa mbali na mabati yakijikunja kwa baridi, uko sawa, endelea kuyatunza. Ukisikia "ziiii", na kesho ukaisikia tena, nenda kliniki wakakupime masikio. Wiki hii, si mwakani.